Ndugu Waliogawana Jumatano

Mtu mmoja alikuwa na Jumatano. Sisemi alikuwa na shughuli siku hiyo, wala sisemi alizaliwa siku hiyo. Alikuwa nayo, ilikuwa mali yake, kama mwingine alivyo na ng'ombe. Jina lake Kiangi. Ninyi saba mlioketi mbele yangu ni wajukuu zake, na jana tumeanua matanga ya Zefania, mtoto wake wa mwisho, ambaye baadhi yenu mlimwita baba na wengine baba mdogo. Leo asubuhi mkanitumia salamu kwamba Mwalimu aje na karatasi na kalamu, atugawie Jumatano ya babu. Nimekuja. Kalamu nimeiacha nyumbani kwa makusudi. Kaeni vizuri, na hizo simu zizimeni kidogo, mji hautaanguka.

Wengine wenu mmekulia mjini, kwa hiyo naanza mwanzo, anayejua avumilie. Huku kwetu milimani tuna bwawa la udongo na mawe, liko juu kule penye msitu, tunaliita ndiva. Usiku linajaa, alfajiri linazibuliwa, na maji yanashuka kwa mfereji mpaka mashambani. Wazee walilichimba kwa msaragambo, koo sita, kila nyumba ikitoa mikono yake, na walipomaliza hawakugawana maji. Walichogawana ni siku. Ukoo huu Jumatatu, ukoo ule Jumanne, na Jumapili bwawa linapumzika. Jumatano ikaangukia kwa babu wa Kiangi, ikashuka kwa baba yake, ikamfikia yeye ikiwa nzima.

Nilimkuta nayo nilipoletwa hapa kufundisha hesabu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sanduku la bati na kiburi kingi. Shule haikuwa na nyumba za walimu, nikapewa chumba kwake, ndiyo maana nasimulia kama mtu wa ndani. Nilikaa humo miaka mingi kuliko nilivyokusudia, na sijawahi kukaa vizuri namna ile tena.

Jumatano zile! Mtanisamehe nikituama hapo kidogo. Kabla jua halijatoka Kiangi alikuwa ameshapanda kwenye ndiva, ameshazibua, anashuka na maji. Hakuyafuata, aliyatangulia. Alikwenda mbele yake hatua mbili tatu, jembe begani, akiondoa majani na vijiti njiani, huku anasema, "Karibu, pita, pita ndani." Mgeni angedhani kuna mtu nyuma yake. Maji yaliingia shamba la juu, jaruba moja hadi jingine, na shamba lilipotosheka aliyafungulia kwa jembe yakateremka shamba la chini. Shamba la chini likitosheka, yaliyobaki yalijipitia yenyewe mpaka bondeni, kwenye bustani ya mkewe, Bibi Naetwe.

Sikilizeni hapo. Bustani ile haikuwa na zamu. Hakuna aliyewahi kusema, sasa ni wakati wa bustani. Ilikunywa yaliyobaki, na ndiyo iliyokuwa kijani kuliko mashamba yote mawili. Palikuwa na magimbi ambayo jani lake moja lingemkinga mtoto na mvua. Palikuwa na miwa, na mnavu, na hoho za mama ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuchuma bila kuomba.

Kengele ya mwisho shuleni ikilia, nilikuwa natoka mbio kuliko wanafunzi. Nilimkuta mzee na wanawe wawili, Togolani na mdogo wake Zefania, vijana wakubwa tayari, tope mpaka magotini, wanataniana nani ameacha jaruba kavu. Jioni tulikula pale pale ukingoni mwa bustani, magimbi ya moto kwa chumvi, chai ya tangawizi, na Bibi Naetwe anatucheka jinsi tunavyopuliza vidole. Udongo uliokunywa una harufu yake, ninyi wa mjini hamuijui. Siku ilikuwa ndefu, na sikumbuki hata mara moja kuona asubuhi inaisha na mchana unaanza. Nikisema naikumbuka nasema kidogo. Naililia.

Siku moja nilimuuliza, kwa ujuaji wangu, "Mzee, shamba la juu linakunywa kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi?"

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Mwalimu, linakunywa mpaka litosheke."

"Naam, lakini hiyo ni saa ngapi?"

"Ndiyo saa hiyo hiyo ya kutosheka," akasema, akaendelea na jembe lake. Nilicheka moyoni. Nilijisemea, mzee hajui kusoma saa.

Kiangi akafa, Mungu amrehemu, akiwa bado na nguvu. Mashamba alikuwa ameshayaonyesha zamani: la juu la Togolani, la chini la Zefania, bustani ya mama yao maadamu yu hai. Kuhusu Jumatano hakusema kitu. Wengine walisema amesahau. Mimi sasa najua hakusahau, ila wakati ule na mimi nilisema amesahau.

Miaka miwili ndugu wale waliitumia siku yao kama baba yao alivyofanya. Mwaka wa tatu vuli ilipita juu kwa juu, mawingu yakaja yakaondoka. Ndiva ikawa inajaa nusu. Maji yakishuka ni membamba, shamba la juu linakunywa, linakunywa, jua linageuka, na chini maharage ya Zefania yamekunja majani. Zefania alikuwa na mke mjamzito na mtoto mdogo, na maharage yale ndiyo yaliyokuwa chakula chao cha mwaka. Akapanda kwa kaka yake.

"Kaka, shamba lako limelewa."

"Maji yanaanzia juu, Zefa. Unataka yapande mlima?"

Walisema wakicheka. Lakini nilikuwepo, na nilisikia kwamba kile kicheko cha pili kilikuwa kifupi. Wiki iliyofuata hawakucheka. Ya tatu wakaja chumbani kwangu wote wawili, wamevaa viatu, nikajua jambo limekuwa kubwa.

"Mwalimu," akasema Zefania, "wewe ndiye unayejua kugawanya. Tugawie siku, tusije tukakosana."

Jamani, mkono wangu umo katika habari hii, na ndiyo sababu nimekuja bila kalamu. Nilifurahi. Nilichukua chaki nikawapeleka darasani, nikachora mstari mrefu ubaoni, upande huu saa kumi na mbili ya asubuhi, upande ule saa kumi na mbili ya jioni. Nikaweka alama katikati. "Saa sita kamili," nikasema. "Hapa Jumatano inakatika. Kaka asubuhi, mdogo mchana. Saa sita kwa sita, hakuna aliyepunjwa."

Togolani aliiangalia ile alama muda mrefu. "Na hapo penyewe, Mwalimu, maji yanakuwa ya nani?"

"Si ya mtu. Ile ni nukta, haina urefu wala upana."

"Maji yana upana," akasema.

Nikamcheka, mbele ya mdogo wake. Hilo nalo nalijutia.

Ili kila mmoja apate chake bila kupita kwa mwenzake, Zefania akachimba mfereji wake mpya. Unatoka juu ya shamba la kaka yake, unazunguka pembeni, unashuka mpaka kwake. Pale ulipoanzia ndipo tukapaita mgawanyiko. Waliweka kizibo cha gogo la mgomba na tope: ukikihamishia huku maji yanakwenda kwa Togolani, ukikihamishia kule yanakwenda kwa Zefania. Togolani naye akaziba mwisho wa shamba lake, kwa sababu hakuona maana ya matone yake kudondokea kwa mtu mwenye mfereji wake. Kwenye karatasi yangu yote hayo yalikaa safi kabisa. Bustani ya mama haikuwamo. Sikuiacha kwa ubaya, haikuwa na zamu, sasa ningeiandika wapi?

Kugawana mara moja hakukuwatosha. Zefania alilalamika kwamba mchana ni mwembamba kuliko asubuhi: jua la saa nane linakunywa njiani kabla shamba halijaonja, na bwawa nalo limeshachoka. Alikuwa na haki. Nikawakatia vipande vinne, saa tatu tatu, wapokezane. Togolani akasema mdogo wake anachelewa kuhamisha kizibo. Naye alikuwa na haki. Nikawakatia vinane, saa moja na nusu, ili hasara ya kuchelewa iwe ndogo na ijilipe mapema. Kila walipokuja nilikata, na kila nilipokata nilikuwa sahihi. Hilo ndilo linalonitia uchungu hadi leo. Hakuna mahali nilipokosea hesabu.

Wakati huo kila mmoja alikuwa na saa. Zefania alikuwa na saa ya mkono aliyoipata alipokuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Togolani akaleta ya mezani, yenye kengele, akaiweka juu ya jiwe pale mgawanyiko. Zilipishana dakika nne. Basi wakawa wanagombana katika dakika zile nne, kila Jumatano mara saba: kwa mmoja wakati umefika, kwa mwingine bado. Na wakati wao wanashika gogo huku na huku, maji yalikuwa yanamwagika kwenye nyasi, hayaendi kwa mkubwa wala kwa mdogo. Nikashauri vipande viwe vidogo zaidi. Dakika arobaini na tano. Kisha ishirini na mbili na nusu.

Na yule mama? Bustani yake ilianza kukauka kuanzia ukingoni, pale tulipokuwa tunakaa kula. Akawa anashuka mtoni na ndoo, anapanda nayo kichwani, anamwagia magimbi moja moja. Mwanamke wa miaka sitini na kitu. Msidhani wanawe hawakumwona. Togolani alikuwa tayari kabisa kumpa mama sehemu ya dakika zake, mradi Zefania naye atoe kiasi hicho hicho. Zefania alikuwa tayari kabisa, mradi kaka, kwa kuwa ni mkubwa, aanze. Wote wawili walikuwa watoto wema. Nawaambia ukweli, walikuwa wema, na ndoo iliendelea kupanda mlima.

Walimwambia mama ahamie kula kwa mmoja wao mpaka mvua irudi. Akauliza kwa nani. Wakatazamana. Akasema, "Basi acheni," akaenda zake kuchukua ndoo.

Sasa ikaja ile Jumatano. Ilikuwa likizo, shule imefungwa, nami nikaombwa nisimame pale mgawanyiko na saa yangu, iwe ya tatu, niwe mwamuzi. Maharage yalikuwa yamefikia kutoa maua, kwa Togolani na kwa Zefania vile vile. Mkulima yeyote atawaambia, ua la maharage likikosa maji wiki ile linadondoka, na halirudi. Wote wawili walilijua hilo. Walikuja kabla ya jua, macho mekundu, hawakusalimiana. Vipande siku hiyo vilikuwa vya dakika kumi na moja na sekunde kumi na tano. Niliviandika mwenyewe, sitini na vinne, vimejaa kurasa mbili.

Ndiva ilizibuliwa. Maji yakafika, membamba, kama unene wa mkono. Nikaita, "Togolani!" Yakageuzwa kwake. Mfereji wake ulikuwa umekauka wiki nzima, ardhi imepasuka, na maji yakaanza kwenda polepole yakinywewa na kila ufa. Hayajafika nusu ya njia, nikaita, "Zefania!" Yakageuzwa. Na mfereji wa Zefania ni mrefu zaidi, unazunguka. Yakaenda hatua mia hivi, nikaita, "Togolani!" Yale yaliyokuwa kwa Zefania yakabaki yametuama kidogo, kisha ardhi ikayamaliza. Na yale ya mwanzo kwa Togolani yalikuwa yameshakauka, kwa hiyo haya mapya yalianza safari upya.

Tulifanya kazi siku ile kuliko siku zote za maisha yetu. Mikono ya wale ndugu ilichubuka kwa gogo. Sauti yangu ilikauka kwa kuita majina. Hakuna aliyedhulumiwa hata sekunde moja, maana sasa walitumia saa moja tu, ya kwangu. Saa tisa alasiri nikatembea kuangalia. Shamba la juu, kavu. Shamba la chini, kavu. Kwenye mifereji, tope. Maji yote ya Jumatano, tangu alfajiri, yalikuwa yamekufia njiani, na palipolowa ni pale tu tulipokuwa tumesimama sisi.

Niliporudi niwaambie, nilimkuta Bibi Naetwe ameshafika. Alikuwa amepanda na ndoo yake tupu. Sijui alisimama pale muda gani, maana sisi macho yetu yalikuwa kwenye saa. Aliwatazama wanawe, akautazama mgawanyiko, halafu akaiweka ndoo chini taratibu.

"Wanangu," akasema, "nionyesheni hapo Jumatano ilipokatika, na mimi nipaone."

Hakusema kwa hasira. Nadhani angepiga kelele tungeweza kujibu. Togolani, mtu mzima mwenye ndevu, akainama akaangalia ndani ya maji, kabisa, kama mtu aliyeangusha kitu. Maji yalikuwa yanapita. Hayakuwa na alama. Yaliyotoka katika zamu yake na yaliyoingia katika zamu ya mdogo wake yalikuwa maji yale yale, yanakuja tu, hayajui kwamba nimeita jina. Zefania akaishusha mikono. Mimi nilikuwa na zile kurasa mbili mkononi, na mama yule hakunitazama hata kidogo. Ningefurahi kama angenitukana.

Msidhani mambo yalinyooka pale pale. Hadithi za kunyooka pale pale mtazisikia kwingine. Zefania aling'oa kizibo akakitupa, wakayaachia maji yaende yanakotaka, lakini ilikuwa jioni, na bwawa lilikuwa linatoa matone. Hayakufika popote. Wiki ile maua yalidondoka, juu na chini. Nilipita asubuhi nikayaona meupe ardhini, nikarudi ndani nikafunga mlango. Mwaka ule nyumba zote mbili zilikula mihogo ya kuomba, na mke wa Zefania alijifungua akiwa amekonda sana. Mtoto aliishi. Nakuona unainamisha kichwa, Eliwaza. Ndiyo, ni wewe.

Kesho yake baada ya ile Jumatano, Alhamisi, bila kuambiana, Togolani alifika kwenye ule mfereji mpya na jembe, akamkuta Zefania ameshaanza kuufukia kutoka upande wa chini. Walifukia siku tatu. Walikutana katikati, na hapo ndipo Zefania aliposema, "Kaka, naomba unisamehe," na Togolani akajibu, "Nyamaza bwana, shika jembe." Kisha wakazibua mwisho wa shamba la juu pale palipokuwa pamezibwa. Jumatano iliyofuata wakapanda ndiva wote wawili, wakashuka wametangulia mbele ya maji. Yalikwenda mwendo mmoja, hayakusimamishwa. Yalikuwa machache kama wiki iliyopita, wala mvua ilikuwa haijanyesha. Saa saba yalikuwa shamba la chini. Saa kumi na kitu, sikuangalia vizuri, nilikuwa nimeiacha saa ndani, tuliona ulimi wa maji unaingia bustanini.

Bibi Naetwe alikuwa ameketi chini kati ya magimbi yaliyobaki. Maji yakamfikia miguuni. Hakusogea. Akaanza kulia, kisha akaanza kutucheka, akasema tumesimama kama mashahidi wa harusi, hebu mtu akaweke sufuria motoni.

Wale ndugu wakaishi na Jumatano yao miaka zaidi ya thelathini. Mama yao alifariki wakati wa mvua za mwaka wa tisa. Waliendelea kuyapitisha maji mpaka bustanini hata ilipokuwa haina mwenyewe. Togolani miguu ilipomshinda, Zefania alikuwa anapanda peke yake, na kila Jumatano alilinywesha shamba la kaka yake kwanza mpaka litosheke. Niliwahi kumuuliza, uzeeni, kama anajua pale anapomaliza kazi ya kaka na kuanza yake. Alifikiri. Akasema hajawahi kupaona.

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na sita. Sitaukana ubao wangu leo kwa kuwa mmenipa kiti cha mbele. Chukua mstari, ukate nusu, ukate nusu ya nusu, hutakosa mahali pa kukata tena hata ukeshe. Ubao hausemi uongo. Ila nilisimama siku nzima kwenye maji nikitafuta mahali pamoja tu ambapo mkato wangu umeingia, sikupata. Kama siku imeundwa kwa vipande vidogo visivyoisha, au ni kitu kimoja kinachopita na sisi ndio tunaokichora mistari, sijui, na wenye elimu kunizidi wanabishana. Mimi nasema nilichokiona. Kwenye karatasi nilikata mara sitini na tatu na Jumatano ikabaki na saa zake zote kumi na mbili. Mashambani ilikwisha.

Na ninyi saba, nimewapigia hesabu njiani nikija, ugonjwa wangu huu hauponi. Saa kumi na mbili kwa watu saba, kila mmoja anapata saa moja, dakika arobaini na mbili, sekunde hamsini na moja, na kijipande cha sekunde ambacho ukikiandika kwa tarakimu hakina mwisho, mtaandika mpaka wajukuu zenu wazeeke. Huo ndio mgawo mliouomba. Ni sahihi. Siwazuii, mjini kuna vijana wengi wenye kalamu, na simu zenu zinaweza kuwapigia kengele saba bila kupishana hata kidogo.

Lakini mashamba, hata mkiyagawana kwa watu saba, bado yamepangana vile vile, moja chini ya lingine, kutoka juu mpaka bondeni, na mfereji ni ule mmoja. Keshokutwa ni Jumatano, na mvua hazijatokea. Basi kabla hamjaniambia nikaichukue kalamu, niambieni jambo moja: ni yupi kati yenu atakayekubali shamba lake linywe la mwisho, na asitazame saa?